Usifunge alumini gari zima yakhe

Assalaam alaykum yakhe,

Ujumbe wako nimeusoma juzi usiku niko barazani umeme umekatika, nikacheka peke yangu mpaka bi mkubwa akauliza nna nini. Ati unataka kufunga alumini gari lako zima la rimoti, mikono ya mbele inayobeba matairi, vishikio vya matairi, mpaka viguu vya shokapu! Hebu pesa zikae kwanza mfukoni nikusimulie yalonikuta mie huku Jambiani toka Shaaban.

Gari yangu unaijua, ile ya moja kwa kumi ya gari la kweli, mbele kila tairi inacheza kivyake, nyuma eksili kipande kizima kama gari la ng'ombe. Nyingi ya zile kubwa za watu kule Marekani zimeundwa hivyo hivyo, zile za King of the Hammers wanaoshindana Johnson Valley, California toka 2007, jangwani wanakimbia kama wendawazimu halafu wanaingia kwenye majabali wanatambaa kama kobe. Sie jangwa hatuna lakini maji yakikupwa bamvua hapa mchanga unakuwa mgumu mpaka kwenye mwani, na ukigeuka tu juu huku maweni mawe yenyewe msumeno. Uwanja tumepewa bure.

Sasa ujinga wangu ulianzia kwenye betri. Nlikuwa natumia lipo, betri ya lithiamu, ya seli mbili, volti 7.4, gari inakwenda vizuri tu haina shida na mtu. Nikaona haitoshi nikatia seli tatu, volti 11.1. Mota yangu ni ya mizunguko 3150 kwa kila volti moja, kwa hiyo kutoka kama mizunguko 23,000 kwa dakika nkaruka mpaka karibu 35,000 kwa mpigo mmoja, hapo ikiwa haijabeba mzigo, na gia sikugusa hata moja. Wallahi siku ya kwanza raha tupu, matairi yanavimba kama maandazi. Siku ya pili meno ya sevo, ile mota ndogo inayokata kona, yote yakaliwa, plastiki zile, gari ikawa haikati kona. Nikanunua sevo ya gia za chuma yenye nguvu kilo 20, nikajua nshamaliza kazi.

Kumbe ndo naanza. Sevo ile kubwa ikibanwa na jiwe inavuta umeme mwingi, na kile kiboksi cha spidi kinachoiendesha mota ndicho kinachoilisha sevo pamoja na risiva inayopokea amri za rimoti, kikazidiwa, risiva ikazima na kuwaka tena. Nusu sekunde tu, lakini nusu sekunde kwa spidi ile si mchezo, nakata kulia gari haisikii, ikapita katikati ya kamba za mwani za watu ikaenda kulala kwenye dimbwi. Nkatukanwa na kina mama siku hiyo mpaka nikaona haya kupita njia ile wiki nzima. Dawa yake ni kikata volti cha pembeni, unakipa umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri kinatoa volti 6 za sevo peke yake. Kidogo kama kiberiti, hichi ungenunua kabla ya alumini yoyote.

Baada ya hapo sevo haivunjiki tena, mkono wa mbele ndo ukavunjika. Nikatia wa alumini kama unavyotaka wewe. Nikagonga jiwe moja la kawaida kabisa, mkono salama salimini hata hauna mkwaruzo, ile nyumba ya difu ya mbele ikapasuka katikati na kazi ya kuibadilisha ni kufungua nusu ya gari, skrubu ishirini na kitu. Mkono wa plastiki ni skrubu mbili tatu tu, unabadilisha umechutama hapo hapo maweni. Umenifahamu lakini? Kipigo hakipotei, kinasogea mbele kutafuta mnyonge mwengine. Mie sasa nimerudisha plastiki makusudi, nnatembea na mikono miwili ya akiba mfukoni. Chuma nimekiacha kwenye shafti za kuzungusha matairi na gia za sevo bas, maana hivyo kazi yake kuzunguka, si kupokea mawe.

Tumbo nimelivisha ubao wa kukatia mboga, ule mweupe wa plastiki, nimeukata kwa msumeno wa chuma nikautoboa matundu manne. Unateleza juu ya jiwe kama samaki wakati alumini inang'ang'ania. Bi mkubwa mpaka leo anautafuta ubao wake nami namsaidia kutafuta.

Gia ya mota nimeshusha kutoka meno 16 mpaka 13. Spidi ya mwisho imepungua lakini mota haichemki tena, mwanzo ukiweka kidole hakikai hata sekunde tatu. Ukizipanga gia usibane kwa macho, kata kijikaratasi cha daftari la skuli, kipitishe katikati ya gia ya mota na ile kubwa inayoizungusha, sukuma mota mpaka zishikane, kaza skrubu ndo uzungushe karatasi itoke. Ikitoka imekunjika kama ngazi bila kuchanika umepata. Na skrubu za chuma kwa chuma tia gundi ya nati ile ya buluu, si nyekundu, nyekundu utakuja kunilaani siku ya kufungua.

Matairi nayo, sponji ya ndani ilikunywa maji ya bahari gurudumu likawa zito kama fenesi. Nimetoboa vitundu viwili katikati ya kila tairi, maji yanaruka yenyewe likizunguka. Na chumvi yakhe, ukitoka pwani osha maji baridi yasiyo na chumvi siku hiyo hiyo, kausha, beringi tia oili, mie nililala nikajisemea kesho, keshokutwa yake beringi nne zinalia kama paka.

Betri nachajia ndani ya chungu kilichovunjika mdomo, nakaa hapo hapo mpaka imalize, siiachi peke yake hata nikiitwa kula. Umeme ukikatika natumia betri ya gari la kweli ya volti 12, chaja inakubali. Ukija baada ya Idd usizijaze zako, ziache kama volti 3.8 kila seli, zifunge ncha kwa tepu, ubebe mwenyewe mkononi usitie kwenye mizigo ya chini ya boti.

Jambo la haraka sasa. Mjomba anarudi kutoka Dubai Alkhamisi, nimemwagiza gia za mota, naweza kumwongezea yako. Pima kijiti cha mota yako ni milimita 5 au 3.17, na ile gia kubwa iangalie ubavuni imeandikwa meno mangapi na namba gani ya ukubwa wa meno pembeni yake, 32 au 48, maana hazishikani. Nitumie leo usiku nisije nikamkera mtu wa watu kwa simu mbili mbili.

Bi mkubwa wako mfikishie shikamoo.

Miye wako wa Jambiani