Diski Imechakaa: Je, Lazima Ufungwe Skrubu Mgongoni?

Wengi wanaofika kwenye kliniki yetu ya fiziotherapia hapa Ngara huja na picha za MRI na hofu moja: "Nimeambiwa diski imeisha, nitafungwa skrubu." Pole kwanza. Kisha tuongee, kwa sababu skrubu si njia pekee.

Diski hukaa kati ya pingili na pingili za uti wa mgongo, nje ina nyuzi ngumu na ndani ina ute mzito. Ndiyo inayokuwezesha kuinama ufunge viatu, au kugeuza shingo utazame magari kabla ya kuvuka barabara. Ikikauka na kusinyaa, neva inaweza kubanwa, na maumivu yakashuka hadi mguuni au mkononi.

Upasuaji uliozoeleka, huo wa skrubu, huunganisha pingili mbili zikawa mfupa mmoja. Maumivu yanaweza kuisha kabisa, ila mahali pale hapapindi tena, na diski za jirani hubebeshwa kazi yake. Baadhi ya wagonjwa hurudi miaka kadhaa baadaye, safari hii ikiuma pingili ya juu yake.

Diski ya bandia ilibuniwa ili mwendo huo usipotee. Daktari huingilia mbele, shingoni au tumboni, akaitoa iliyoharibika na kuweka kifaa kinachojongea. Vingi vina mabamba mawili ya metali, kama titani au mchanganyiko wa kobalti na kromiamu, na katikati plastiki ngumu. Kimoja cha mwanzo kilitoka hospitali ya Charité, Berlin, na kikaanza kuwekwa wagonjwa mwaka 1984. Marekani ilikiidhinisha 2004. Mmoja wa wabunifu wake, Daktari Karin Büttner-Janz, alishinda dhahabu mbili za jimnastiki katika Olimpiki ya Munich, 1972. Sishangai kwamba mwanamichezo wa aina hiyo ndiye aliyekataa mgongo uliokakamaa.

Hata hivyo, kifaa hiki hakimfai kila mtu, na yeyote anayekuahidi bila kukupima anakukosea. Vile viungo vidogo vilivyo nyuma ya pingili vikiwa vimelika, diski mpya haitaondoa maumivu ya viungo hivyo. Mifupa iliyopungua uimara haikishiki vizuri. Pingili iliyoteleza mara nyingi huhitaji kuunganishwa. Kwa hiyo muulize daktari wako wa upasuaji waziwazi: "Viungo vyangu vya nyuma vikoje?" Na uulize bima yako inalipa nini kabla ya kukubali tarehe.

Sisi hatupasui. Diski nyingi zilizochomoza hutulia zenyewe ndani ya wiki kadhaa kwa dawa na mazoezi, na hapo ndipo tunapoanza. Ukishapasuliwa, tunakufundisha upya kuinama, kuinua ndoo na kukaa kwenye matatu, kwa kufuata masharti ya daktari wako.

Lakini mkojo ukikutoka bila kujijua au ukikataa kutoka, pakifa ganzi katikati ya mapaja, au miguu ikilegea ghafla, usitusubiri. Nenda idara ya dharura siku hiyo hiyo. Kwa mengine yote, njoo na picha zako pamoja na ripoti, hata kama ni za zamani.