Kaka wa bodaboda wa barabara ya Kibosho, asante

Jumamosi alfajiri nilikuwa kwenye mazoezi ya kilomita 30, najiandaa na Kilimanjaro Marathon, nikateguka kifundo cha mguu nikishuka Kibosho. Simu nimeiacha nyumbani (mke wangu hunisema kila siku kwa hilo).

Kaka mmoja wa bodaboda alinipita, akageuza. Alinivua kiatu taratibu kabla mguu haujavimba, akaufunga kwa skafu aliyojikinga nayo baridi, akampigia mke wangu kwa vocha yake. Kisha akanipeleka polepole hadi Moshi mjini, akikwepa kila shimo. Nauli akakataa: "Pole kaka, kanunue dawa ya kuchua."

Jina sikuuliza, maumivu yalinizidi. Ndugu, ukimwona mkimbiaji amekaa kando ya barabara, simama umuulize. Nawe kaka, skafu yako ya kijani ninayo, imefuliwa.