Uso wa magnesiamu uimarishwe kwa kipimo

Mhariri,

Mafundi wa injini za mashua hapa Lamu husifu wepesi wa aloi za magnesiamu, yaani magnesiamu iliyochanganywa na metali nyingine, na wana haki, kwa kuwa sentimita moja ya ujazo wa magnesiamu ina gramu 1.74 tu, ilhali ya chuma inakaribia 7.8, lakini metali hiyo ni laini, na inaposuguana na chuma hulika upesi.

Tiba mojawapo ni kuupiga uso wake kwa vipira vidogo vigumu, au kuuviringishia kipira kimoja kwa mgandamizo, hata chembe za metali zilizo juu ziwe ndogo mno na uso uzidi ugumu. Mimi naipendelea njia ya pili, kwani husawazisha uso, ilhali mapigo yakizidi huukwaruza na pengine kuutia nyufa, jambo ambalo wauza vipuri hawalitaji.

Hata hivyo, ugumu si kinga ya chumvi: kifuniko cha magnesiamu kilichokazwa kwa boliti za chuma pasipo kitenganishi cha kuzuia metali hizo mbili zisigusane kitaliwa tu na maji ya bahari. Naomba vyuo vya ufundi vya pwani vifundishe mambo haya mawili pamoja.

Msomaji wako,
Lamu