Shoga, nyumba tumeiuza wenyewe

Wete, Pemba

Shoga yangu Zuwena,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Ama baada ya salamu, sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Watoto wanakwenda skuli, na mama yangu sukari yake inapanda na kushuka lakini bado anakula kwa hamu. Barua yako nimeipokea kwa mkono wa yule kijana wa jirani aliyekuja na boti, na nimeisoma usiku watu walipokwisha kulala. Umenieleza madeni yalivyokuzidini wewe na mumeo, kisha umeniuliza, "Nyinyi mliuzaje?" Halafu nikaona jinsi ulivyolizungukazunguka swali la pili bila ya kulitaja: je, nyumba yenu ya Fuoni, huko Unguja, muiandike jina la kaka yako kabla ya wanaodai hawajafika? Naanza na hilo la pili, maana ndilo lililonikosesha usingizi kwa ajili yako.

Msifanye hivyo, Zuwena. Nakuomba kama ninavyomuomba mdogo wangu wa tumbo moja.

Hata sisi tuliambiwa. Mjomba wake mume wangu, Baba Khamis, alikuja na karatasi tayari imeandikwa, nyumba iwe hiba, yaani zawadi, kwa mama mkwe wangu, tarehe irudishwe nyuma mwaka mzima. Alisema kwa nia njema, nalijua hilo, alitaka wajukuu wasilale nje. Baba Khamis akaichukua mpaka kwa sheikh wetu, na sheikh akamuuliza jambo moja tu: mali unayotaka kuitoa hiba ni yako, au ni ya watu wanaokudai? Akamsomea habari ya Muadh bin Jabal, sahaba mkubwa, aliyezidiwa na madeni hata Mtume, rehema na amani zimshukie, akaiuza mali yake ili wanaomdai walipwe. Muadh hakuwa mtu duni kwa hilo. Alibaki yule yule mwanachuoni, na baadaye akatumwa Yemen kuwafundisha watu dini. Baba Khamis aliporudi nyumbani uso wake ulikuwa umefunguka, jambo nililokuwa sijaliona kwa muda mrefu.

Ukiiweka dini pembeni, bado kuna dunia. Wakili alituambia kwamba anayedai anaweza kwenda mahkamani kuipinga karatasi kama ile, na ikithibitika imeandikwa ili kumkwepa, mmeongeza kesi juu ya deni. Na hebu fikiria kaka yako, Mungu ampe umri mrefu. Siku akifa, nyumba iliyo kwa jina lake ni urithi. Mke wake ana fungu lake, watoto wake wana mafungu yao. Utakwenda kwa kadhi kumwambia nini? Kwamba ilikuwa jina tu? Wifi yako atakuuliza ushahidi, na ushahidi pekee ulionao ni kwamba mlikuwa mnawaficha watu haki zao. Mficha uchi hazai, shoga yangu.

Sasa nikwambie yetu ilivyokuwa, ingawa mengine uliyasikia. Baba Khamis alikodi mikarafuu ya watu, kama wanavyofanya wengi huku: unaiangalia ingali mtini, unakisia, unalipa pesa mbele, kisha kuchuma na kuanika ni juu yako. Pesa za kukodi alikopa, na nyumba akaiweka rehani. Mikarafuu ilizaa vizuri sana mwaka ule, lakini mvua za vuli zikatukuta na karafuu mbichi majamvini. Unajua karafuu inataka jua la siku kadhaa mfululizo. Ikikosa hushika ukungu, na kwenye kituo cha kununulia karafuu hupangwa daraja la chini, pesa yake hairudishi hata ujira wa wachumaji. Msimu uliofuata ndio mikarafuu ikapumzika kama ilivyo kawaida yake, maana mti huu hauzai sawasawa kila mwaka. Deni halikupumzika.

Marehemu babu yangu alikuwa akisema Pemba karafuu na deni vimelala kitanda kimoja. Alikulia wakati wenye mashamba walikuwa wamefungika kwa wakopeshaji hata serikali ya Waingereza ikapitisha sheria mwaka 1934 kuzuia mashamba yasichukuliwe kwa madeni. Nakutajia haya ili shemegi, mume wako, ajue hakuzua jambo jipya visiwani. Wametangulia wazee wenye vilemba vikubwa, na wajukuu zao leo wanatembea barabarani na watu wanawaamkia.

Kuna mtego mwingine nataka muutazame kwa macho mawili. Tulipokuwa tumebanwa alikuja mtu na maneno laini, akataka tumalizane kwa bei khiyari. Yaani tunamuuzia nyumba kwa pesa ndogo, tunabaki humo humo, na tukimrudishia pesa zake ndani ya muda fulani nyumba inarudi kwetu. Ni mauziano ya zamani, wazee wetu waliyajua vizuri, na mashamba mengi yalikwenda kwa njia hiyo. Kwa mwenye uhakika wa kupata pesa pengine yanafaa. Kwa aliyekwisha kufilisika ni kuiuza nyumba kwa nusu ya thamani yake huku ukijidanganya kwamba hujaiuza. Nilikataa mimi kabla ya Baba Khamis hajafungua mdomo, na sijuti.

Tulichofanya ni kumuandikia aliyeshika rehani kabla ya yeye kutuandikia. Tulimwambia kwa barua: hatuna uwezo tena wa kulipa mafungu ya kila mwezi, tunataka kuuza wenyewe, tupe miezi mitatu. Wakili aliona afadhali kuliko kusubiri mnada, kwa sababu mnunuzi wa mnadani anajua unauza kwa kulazimishwa. Alitueleza pia kwamba mtu anaweza kwenda mahkamani akatangazwa muflis, mali yake ikashikwa na msimamizi wa mahkama na kugawiwa wanaodai. Lakini kwa deni la ukubwa wetu na watu tunaofahamiana nao, akasema, jaribuni sulhu kwanza. Tukapewa ile miezi mitatu. Mkifanya hivyo nyinyi, hakikisheni mnajibiwa kwa maandishi. Aliyekuitikia kwa mdomo leo, kesho anaweza kuwa amehamishwa na mwenziwe hana habari.

Karatasi zilitusumbua kuliko tulivyodhani. Unajua kwetu tangu Mapinduzi ya 1964 ardhi ni ya Serikali, na kwa sheria ya ardhi ya mwaka 1992 alichonacho mtu ni haki ya kuitumia. Kwa hivyo unauza nyumba pamoja na hiyo haki, na kuihaulisha, yaani kuihamishia kwa mtu mwengine, kunataka idhini chini ya sheria nyengine ya mwaka 1994. Sheha, kiongozi wa serikali wa mtaani, lazima ajue, na majirani wa pande zote waje waonyeshe mipaka. Sisi jirani mmoja alikuwa na neno kuhusu mnazi uliokuwa ukutani, tukamalizana naye hapo hapo mbele ya sheha, nikashukuru kwamba limetoka mapema. Nendeni Kamisheni ya Ardhi sasa hivi mkaangalie hati yenu ya Fuoni imesajiliwa kwa jina gani na ina zuio gani. Msingoje mnunuzi awagundulie.

Na madalali wa Unguja mnawajua kuliko mimi, lakini akikuleteeni mgeni kutoka nje anayetaka kununua kwa kupitia jina la Mzanzibari, mkataeni. Mgeni hamiliki ardhi Zanzibar, na mauziano ya namna hiyo yakivunjika, nyinyi mnaotaka kutoka kwenye matatizo ndio mtakaorudishwa ndani.

Mnunuzi wetu ni mtu wa hapa hapa anayefanya kazi Muscat. Alimtuma ndugu yake. Mara ya kwanza alitaja milioni 33, kwa sababu mji mzima ulikuwa unajua hali yetu. Baba Khamis alitaka kukubali, amechoka, anataka liishe. Nikamwambia hiyo pesa unayoipunguza si yako, ni ya wanaokudai, huna haki ya kuisamehe kwa niaba yao. Tukangoja. Tukapaka chokaa upande wa mbele, tukasafisha kisima, nikawa namuonyesha kila anayekuja vyumba mwenyewe, kabati kwa kabati. Mwisho tukakubaliana milioni 42. Siku ya kulipana tulikutana wote mahali pamoja, mnunuzi, mwenye rehani na sisi na wakili. Mnunuzi akamlipa mwenye rehani milioni 20 zake moja kwa moja, naye akatoa hati na barua ya kufuta rehani papo hapo. Msikubali pesa zipite mkononi mwenu kwanza. Mnunuzi ataogopa, na nyinyi mtajaribiwa.

Zikabaki milioni 22. Hapa ndipo ninapotaka unisikilize vizuri, maana ndipo watu hupotea. Kila anayedai alikuwa anamjia Baba Khamis faraghani: nilipe mimi kwanza, mimi ni rafiki yako, mimi nina mgonjwa. Tukawaita wote nyumbani, barazani, baada ya sala ya alasiri. Baba Khamis akasoma kwa sauti jina la kila mtu na anachodai. Wengine walikuwa hawajui kama kuna wenzao. Wachumaji walikuwa wanatudai milioni 2, nikaomba hao walipwe chote kabla ya yeyote, maana ni wanawake wa vijijini waliopanda juu ya mikarafuu wakachuma kwa mikono yao na hawakupata faida wala hawakutarajia faida. Nilitetemeka nikisema, Zuwena. Mzee mmoja muuza vyakula, ambaye ndiye tuliyekuwa tunamuogopa kuliko wote, akasema haki yao, nani atapinga? Hakuna aliyepinga. Waliobaki walikuwa wanadai milioni 30 kwa jumla na pesa ziko 20, kwa hivyo kila mmoja akapata theluthi mbili ya deni lake, awe tajiri awe masikini, awe ndugu awe mtu baki. Sheikh aliwakumbusha aya ya sura ya Al-Baqara kwamba mwenye dhiki apewe muda mpaka apate wasaa, na kusamehe ni bora zaidi. Wawili wakasamehe kilichobaki. Wengine wameandikiwa, na mashahidi wametia saini. Yule mzee wa vyakula hakusamehe, naye ana haki yake, lakini kila tukikutana huniuliza hali ya watoto.

Dhahabu yangu sikuitoa, nakwambia wazi kwa sababu najua watakulaumu na wewe. Shangazi mmoja alinambia mke mwema angeuza bangili. Mali ya mke ni yake, dini imelitenga hilo, na deni halikuwa langu. Ile dhahabu ndiyo iliyolipa kodi ya miezi sita ya nyumba tuliyohamia na ada ya Khamis. Weka yako mahali pake na usimuonee haya mtu.

Siku ya kuhama nililia. Nililia jikoni, kwa sababu lile jiko nililichora mimi, dirisha nikaliweka upande wa upepo, na sasa mwanamke mwengine atapika pale. Sitaki kukuambia kwamba haiumi. Bado napita njia ya nyuma nikienda sokoni ili nisiione. Lakini simu ikilia usiku simwangalii tena Baba Khamis usoni kujua kama ni mtu wa deni, na yeye ameanza kwenda kuswali safu ya mbele. Ameajiriwa kupima karafuu za mwenziwe, mshahara mdogo, unaingia kila mwezi, na kila mwezi kinatoka kitu kwenda kwa wale walioandikiwa.

Basi shoga yangu, fanya hivi. Wiki hii orodhesha wanaokudaini wote, hata wa elfu hamsini, na mkae wewe na shemegi muisome pamoja bila ya mtoto kuwepo. Kisha niandikie kama nyumba ina rehani au haina, maana hapo mambo yanabadilika. Wakili wetu ana mwenziwe huko Unguja na amekubali kukuoneni bila ya malipo mara ya kwanza, nitakutumia namba yake ukinijibu. Na kama mtawaita wanaodai, nambie siku. Nitapanda boti Mkoani asubuhi nije nikae karibu na wewe barazani.

Msalimie shemegi, mwambie Baba Khamis anamuulizia na anataka kuzungumza naye, wanaume wawili peke yao. Mama anakusalimu sana, anasema ukija umletee ubani ule wa Darajani.

Wassalaam,
Shoga yako,
Time