Miaka 21 kiwandani kwa jina la wifi, sasa mafao ni ya nani?

Habari zenu ndugu zangu, wakubwa shikamooni. Naandika nikiwa Igogo hapa Mwanza, naombeni mnisome mpaka mwisho na msinitukane maana kosa najua ni langu.

Kwetu ni Muhuru Bay, Kenya. Nilivuka Sirari 1993 nina miaka 26, nimemfuata mwanaume, Msukuma wa Sengerema, na kipindi kile sangara ndo ilikuwa inaita watu. Alipeleka ng'ombe kwetu, ila cheti cha ndoa hatukuwahi kukata. Watu wakisikia lafudhi yangu wanasema huyu mama Mjaluo wa Rorya, mi nacheka tu, sijakataa sijakubali.

Mwanzoni nilikuwa kibarua, unalipwa ya siku unaenda zako hakuna anayekuuliza karatasi. 1999 Ulaya walipozuia samaki wa Ziwa Victoria tukakaa nyumbani, nikauza dagaa mwaloni Kirumba. Sasa 2004 kiwanda kimoja kikawa kinaajiri kwa mkataba na NSSF juu, wanataka Mtanzania au mwenye kibali cha kazi, na kibali cha mkata minofu nani atakulipia? Mume wangu akaniletea cheti cha darasa la saba cha mdogo wake na barua ya mtendaji, kuanzia hapo nikawa wifi. Supavaiza nadhani alijua, lakini kilo zikitoka nani anauliza.

Miaka 21 hiyo jamani. Gambuti, barafu, kisu, kusimama kuanzia asubuhi. Vidole vya mkono wa kushoto vimekufa ganzi, kufunga vifungo vya blauzi siku nyingine naomba mjukuu. Na kichekesho ni kwamba wifi kazaliwa 1973, kwa hiyo kwenye karatasi sijafika hata ile 55 ya kustaafu kwa hiari, ila huu mwili ni wa 1967 na hauwezi tena. Michango nilipoangalia mara ya mwisho ilikuwa miezi 191, yani ile 180 ya kupata pensheni nimeshaipita.

Mume alifariki 2016. Kilichofumua mambo ni kwamba mwaka huu wifi kapata kazi ya kupika shule moja huko Sengerema, wanaenda kumsajili NSSF wanakuta ni mwanachama wa siku nyingi, mkata samaki wa Mwanza! Kanipigia analia, anaogopa watamwita mwizi. Namwelewa. Ila wiki iliyofuata sauti ilikuwa nyingine, kaka zake wamekaa nae, eti NIDA ni ya kwake, vidole ni vya kwake, pesa zikitoka nitapewa nusu "kwa ubinadamu". Mi sina hata NIDA, laini yangu ya simu kasajili mwanangu.

Kinachoninyima usingizi sio hata hiyo nusu. Nikifa leo, kwa karatasi sijafa mimi na sijawahi kufanya kazi popote, wanangu hawana cha kudai. Na kurudi Muhuru nirudi wapi, shamba kaka zangu walishagawana, na kule nako ni mgeni, wananiita wa Tanzania.

Kijana wa jirani anayesoma sheria kaniambia mwanamke wa nje aliyeolewa na Mtanzania anaweza kuomba uraia, na kwamba sheria ya ndoa ya 1971 inawatambua walioishi pamoja miaka 2 na kuendelea kama mke na mume. Sawa, lakini mume keshakufa, na nikienda Uhamiaji swali la kwanza si litakuwa ulikuwa unafanyaje kazi?

Sasa naomba ushauri kwa aliyewahi kupitia hili au anayefanya kazi huko. Nianze kusema ukweli NSSF au Uhamiaji kwanza, au nisiguse popote bila wakili? Kuna mtu alishafaulu kuhamishiwa michango kutoka jina lisilo lake? Au nikubali hiyo nusu ninyamaze, tuandikishane kwa mwenyekiti wa mtaa, ingawa naona hiyo karatasi nayo itakuwa ushahidi wa kutufunga wote wawili.

Wifi anakuja Jumamosi kuchukua jibu. Zamani angesema kivuko kimechelewa, siku hizi daraja la Busisi lipo, atafika tu.