Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Kisumu

Wazee wetu, ndugu wanachama na vijana wa vilabu vya shule, hamjambo.

Ya uanachama na fedha nitayapita haraka, kwani katibu na mweka hazina wameshawagawia karatasi zao. Chama chetu cha watazama anga hakina deni, na darubini yetu ni ile ile. Hili la mwisho ndilo lililozua maneno mwaka mzima. Baadhi yenu mnataka tuiuze tununue yenye kioo kikubwa zaidi. Kamati imekataa, na ni haki yenu kuelezwa sababu.

Sababu imo katika tuliyojifunza mwaka huu juu ya jua, hasa korona, ile gesi nyembamba inayolizunguka, yenye joto la nyuzi milioni moja na zaidi. Hata karibu kabisa na ukingo wa jua, mng'ao wake ni kama sehemu moja kwa milioni ya mng'ao wa uso wa jua, na kadiri unavyokwenda mbali ndivyo unavyozidi kufifia. Anayetaka kuiona hana haja ya kukusanya mwanga mwingi. Adui yake ni mwanga wa jua lenyewe unaozurura na kuingia pasipotakiwa.

Jaribuni wenyewe. Simama kivulini, ukuta ulifiche jua lote, kisha utazame anga kando ya ukuta huo. Wakati mashamba ya miwa ya Muhoroni yanapochomwa, anga hapo ni jeupe kama maziwa. Mvua kubwa ikishanyesha, ni buluu hadi karibu na ukuta. Weupe ule ni mwanga uliotawanywa na moshi na vumbi, na korona imezama humo. Ndiyo maana Mfaransa Bernard Lyot, mwanzoni mwa miaka ya 1930, alikipandisha chombo chake hadi kilele cha Pic du Midi, karibu mita 2,900, akaiona korona bila kungoja jua lipatwe.

Darubini iliyo anga za juu haina moshi wala hewa ya kuisumbua, lakini nayo hujichafulia picha. Hufungwa kisahani mbele ili kulikinga jua, ila mwanga ukigusa ukingo wa kisahani hupinda na kuingia ndani. Mkwaruzo mmoja kwenye lenzi huutawanya. Chembe ya vumbi hung'aa kama nyota ya bandia, na kuta za bomba huakisi kilichobaki. Basi mafundi huweka kisahani cha pili ndani, pamoja na pete aliyoibuni Lyot ya kunasa mwanga uliopindia kingoni mwa lenzi. Kuta huwekewa vizuizi vyenye ncha kali na kupakwa weusi usiong'aa. Kazi yote hufanyiwa katika chumba ambacho hewa yake imechujwa vumbi.

Mfano ulionivutia zaidi ni Proba-3, darubini ya korona ya shirika la anga la Ulaya, iliyorushwa kutoka India tarehe 5 Desemba 2024. Kisahani kikiwa karibu na lenzi, mwanga uliopinda huifunika sehemu ya korona iliyo jirani na jua. Kikisogezwa mbali, nafuu ni kubwa, lakini nani atarusha mlingoti wa mita 150? Wao walirusha vyombo viwili. Kimoja kina kisahani cha mita 1.4, nacho hutupa kivuli cha sentimita 8 hivi juu ya chombo cha pili kilicho mita 150 nyuma yake, na nafasi kati yao hulindwa kwa usahihi wa milimita. Tundu la darubini yenyewe, enyi mnaodai kioo kikubwa, lina sentimita 5 tu.

Usafi huo una faida hata kwetu. Picha za SOHO, chombo cha anga za juu cha kulitazama jua kilichorushwa mwaka 1995, huwekwa wazi kwenye intaneti, na watu wa kawaida wamegundua humo nyota nyingi zenye mkia. Kufikia Machi 2024 zilizoonekana kwa chombo hicho zilikuwa zimefika 5,000. Kijana mwenye simu na subira anaweza kushiriki.

Kwa upande wetu, fundi wa jua kali pale Kibuye alitukatia pete za bati, tukazipanga ndani ya bomba na kulipaka rangi nyeusi isiyong'aa. Taa za barabarani hazitii tena ukungu kwenye picha ya mwezi. Mnaokumbuka hali ya awali mtakubali kwamba gharama ilikuwa ndogo mno kwa tofauti ile. Ila nasisitiza: pete hizo hazimlindi mtu na jua. Kichujio cha jua kifungwe mbele ya darubini, kamwe kisiwe penye jicho, na mtoto asiachwe nayo peke yake.

Kamati inaomba kibali chenu kwa mambo mawili: kioo kipelekwe kupakwa upya, na tununue vichujio viwili vya jua kwa ajili ya shule. Kupatwa kwa jua kwa tarehe 2 Agosti 2027 kutakuwa kamili huko Misri na Somalia, si hapa, kwa hiyo wanaotaka kusafiri waandikishe majina kwa katibu mapema. Hoja ya darubini mpya itapigiwa kura baada ya chai.