Nauli ya kwenda jela si pesa za wageni

Mhariri,

Nipe nafasi nimjibu msomaji aliyeandika juzi kwamba vikundi vinavyosaidia familia za waliofungwa kwa sababu za kisiasa ni vibaraka wa wageni. Mimi nimo katika kikundi kimoja hapa Nakuru. Tuko kumi na mmoja, miongoni mwetu walimu wawili wastaafu, fundi cherehani na dereva wa matatu. Hatuna ofisi wala mshahara. Tunachanga kila Jumapili baada ya ibada na kuandika kila shilingi kwenye daftari.

Baba yangu alikuwa mwalimu. Mwaka 1986 walikuja watu alfajiri wakamchukua. Habari zake tulizipata redioni wiki kadhaa baadaye: amekiri kuwa na maandishi ya uchochezi, miaka minne. Wakili hakuwa naye. Huo ulikuwa mwaka wa kesi za Mwakenya, kundi la siri lililopinga serikali ya Rais Moi, watu wakitolewa vyumba vya chini vya Nyayo House, jengo la serikali jijini Nairobi walikoteswa, na kupelekwa kortini jioni kukiri.

Mshahara ulikatika mwezi uleule. Majirani wakaacha hata kuja kuomba chumvi, maana kuonekana kwetu kulitosha kumtia mtu mashakani. Nilikuwa darasa la sita, na viatu vyangu vilikuwa vimeisha nyayo. Kisha usiku mmoja mama mmoja wa kanisani akabisha mlango wa jikoni. Alibeba unga pakiti mbili chini ya leso, na nauli ya mama kwenda kumwona baba. Hakuuliza baba alifanya nini. Alirudi mwezi uliofuata, na uliofuata, mpaka baba akatoka.

Februari 1992 kina mama wa wafungwa wa kisiasa waliketi bustani ya Uhuru Park, Nairobi, wakigoma kula, mwanaharakati Wangari Maathai akiwa nao. Siku chache baadaye polisi waliwatawanya kwa mabomu ya machozi na virungu. Baadhi ya kina mama wakavua nguo kuwalaani. Waliendelea kudai wana wao wakiwa katika kanisa la All Saints, karibu mwaka mzima. Baba alikuwa ameshatoka, lakini mama yangu alipanda basi na mablanketi mawili. Tulipomuuliza anamfuata nani huko, alisema anakwenda kulipa ule unga.

Nami nalipa uleule. Wiki tatu zilizopita mama mmoja aliuza kuku wake ili afike rumande alikozuiwa kijana wake aliyekamatwa kwenye maandamano. Alikuta saa za kuonana zimepita, akalala stejini na ile sabuni aliyomletea. Sasa mwenzetu mmoja anayeishi karibu na pale ametenga kitanda. Hiyo ndiyo kazi yetu: kitanda, sabuni, nauli, wakati mwingine karo ya mtoto aliyebaki nyumbani.

Msomaji huyo aje Jumapili, nitampa daftari alisome ukurasa kwa ukurasa. Na kama yuko mwenye gari anayekwenda Naivasha Alhamisi asubuhi na ana nafasi, kina mama wawili watakuwa stejini tangu saa kumi na mbili.

Binti wa mwalimu,
Nakuru